Mashine Iliyotusalimia

Saiba yetu, duka la intaneti na fotokopi, iko Kitengela, kwenye njia ya vumbi inayochepuka kutoka barabara ya Namanga, kati ya duka la dawa za mifugo na mama anayeuza mitumba ya watoto. Malori ya mawe hupita hapo tangu alfajiri, na kila yanapopita dirisha hutetemeka na unga mweupe huingia hadi kwenye trei ya printa. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nilikuwa na ofisi. Nilikuwa na chumba kimoja, kompyuta kuukuu chache, na mume.

Jina la mume wangu sitaliandika. Kwao ni Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, na kwa Wamaasai wa boma lao mtu akishazikwa jina lake halitajwi tena. Watu husema "yule wetu" kisha wanaendelea na mazungumzo. Kwetu sisi watu wa Mkoa wa Kati mambo ni kinyume kabisa. Kwetu jina hurudi kwa mtoto, ukawa unaliita jikoni ukiagiza chumvi. Lakini mimi na yeye hatukujaliwa mtoto. Kwa hiyo jina lake halikurudi kwa yeyote, na kwao halitajwi, na mimi niko hapo katikati nimebaki nalo mdomoni.

Mama yake namwita Yeyo, kama kila mtu wa huko anavyomwita mama. Alikuja kukaa nasi Kitengela macho yalipoanza kumsumbua, ili awe karibu na kliniki. Hakupenda kubaki nyumbani na kuta. Kila asubuhi tulitoka naye, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa saiba, shuka yake mabegani na fimbo magotini, akakagua kila anayeingia kana kwamba tunauza mbuzi.

Asubuhi moja alimtazama mwanawe akiwasha ile kompyuta kubwa ya mezani, iliyokuwa na printa na skana, ile iliyobeba kazi zote.

"Hii kitu yako inaamka aje bila kusalimia watu?" akauliza. "Hata ng'ombe ikiamka inakuangalia."

Mume wangu alicheka hadi akaegemea ukuta. Siku iliyofuata tulipofungua, alibonyeza kitufe akarudi nyuma kwa madaha, mikono kifuani. Mashine ikanguruma, skrini ikawaka, na sauti ya mume wangu, aliyokuwa ameirekodi, ikatoka kwenye kile kispika kidogo kilichokuwa ndani ya kasha: "Sopa! Karibuni. Ingieni pole pole, kazi haitoroki."

Yeyo hakutabasamu. Sopa ni salamu, na salamu haiachwi chini. "Epa," aliitikia, akarekebisha shuka yake. Tangu hapo ikawa desturi. Mashine ikisalimia, Yeyo anaitikia, na siku ya kazi inaanza.

Sasa lazima nieleze jambo la kitaalamu, na nitajaribu kulifanya fupi, kwa sababu yeye angelieleza mpaka chai ipoe. Kompyuta zetu zote zilitumia mfumo uitwao Linux. Ndani ya Linux kuna kitu kinachoitwa kerneli, nacho husimama kati ya programu na vyuma. Programu ikitaka kutoa sauti haiongei na spika. Inaongea na kerneli, na kerneli ndiyo inayojua spika iko wapi na inaguswa vipi. Kerneli mpya hutoka kila mara. Wako watu wanaozikimbilia zikiwa bado moto, na wako wanaokaa na ile ya zamani iliyokwisha kuzoeleka, wakipokea marekebisho yake tu.

Mume wangu alikuwa watu wote wawili. Laptopu yake mwenyewe aliilisha kila kerneli mpya siku ileile inapotoka. Wiki moja haina mtandao, wiki nyingine skrini nyeusi, naye ameiinamia huku akipiga mluzi, mwenye furaha kuliko bwana harusi.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," nilimwambia.

"Hii ni yangu," alinijibu. "Ikikufa, ni mimi nimejitakia. Lakini ile ya duka siwezi cheza nayo. Mtu ameniletea kitambulisho yake na cheti ya mtoto wake."

Ile ya duka aliiwekea toleo tulivu, stable kama wanavyoliita, la kerneli ya zamani. Na nilipomkejeli kwamba ni uvivu tu, kwamba ameiwasha akaisahau, alikasirika kidogo, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

"Stable si kulala," alisema. "Boma ya mzee wangu ilikuwa stable kwa sababu kila jioni alizunguka akiziba mahali miiba imelegea. Akiacha, fisi haiulizi boma ina miaka ngapi."

Niliyakumbuka maneno hayo baadaye, wakati sikutaka kuyakumbuka.

Alikuwa na presha. Daktari alimwambia dawa ni za kila siku, maisha yote. Alizimeza kwa muda, akajisikia vizuri, akaacha. Nikimkumbusha anasema atarudia Jumatatu. Mganga hajigangi. Mtu ambaye hangeruhusu mashine ya duka ikose marekebisho ya wiki moja, mwili wake aliuendesha kama ile laptopu. Alianguka asubuhi, ameketi kitandani akifunga kamba za viatu. Kiatu kimoja kilikuwa tayari kimefungwa. Kabla sijahuzunika nilimkasirikia, na hadi leo siwezi kusema hasira iliisha wapi na huzuni ikaanzia wapi.

Tulimzika Oltepesi, mahali ambapo upepo wa bondeni hauna kizuizi. Mchungaji alilitaja jina lake mara nyingi, kama kanisa linavyofanya, nami nililimeza kila lilipotajwa kwa sababu nilijua ni mwisho. Mazishi yalipokwisha watu wa boma walinyamaza. Yeyo hakulia mbele yangu. Alisema tu kwamba tutarudi Kitengela pamoja.

Siku tuliyofungua tena saiba, akili yangu ilikuwa kwenye vumbi lililotanda mezani. Nilifuta, nikachomeka, nikabonyeza kitufe. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Sopa! Karibuni. Ingieni pole pole, kazi haitoroki."

Nilishika ukingo wa meza. Nyuma yangu, kutoka kwenye kiti cha plastiki, nikasikia: "Epa."

Ilikuwa sauti ya kawaida, ile ya siku zote. Nilipogeuka, Yeyo alikuwa ameinua uso akielekeza sikio kwenye mashine. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaiteremsha shingo, nami nikaingia uani kama mtu anayetafuta ufagio.

Basi tukaendelea hivyo. Sikuwa mtu wa kupenda asubuhi, lakini sasa kila asubuhi nilikimbia kufungua duka. Na nilijiambia ni kwa ajili ya mama mzee. Ameshampoteza mwanawe, nitamnyima hata hiyo salamu?

Kisha siku moja niliruhusu mashine ichukue masasisho yake, kama mume wangu alivyonifundisha. Kati ya yaliyokuja ilikuwemo kerneli. Kesho yake nikabonyeza kitufe, skrini ikawaka, kila kitu mahali pake, na hakuna sauti. Kerneli mpya haikukijua kile kispika cha zamani.

Yeyo alikuwa amekwisha kuinua uso. Alingoja. Lori likapita, dirisha likatetemeka, yeye bado anangoja.

"Leo ni kimya," akasema.

Linux haitupi kerneli ya zamani papo hapo. Huiweka kando, na ukizima mashine ukaiwasha huku umeshika kitufe fulani, inakuletea menyu: unataka kuamkia ya leo au ya jana? Nilichagua ya jana. Ikanguruma, ikawaka, akatusalimia. Yeyo akaitikia. Mimi nikabaki nimekodolea skrini, nikimwonea wivu mtu aliyebuni menyu ile. Ningepewa moja tu ya namna hiyo, ya asubuhi ile ya viatu.

Siku hiyo hiyo niliiamuru mashine isiguse tena kerneli. Na kwa kuwa sikuamini, nikazuia masasisho yote. Nikajiambia hii ndiyo stable aliyoitaka. Usiache mbachao kwa msala upitao, nilijisemea, nikijua fika kwamba mbachao wangu unaliwa na mchwa.

Muda ukapita. Waliolitengeneza toleo letu wakatangaza kwamba hawatalirekebisha tena. Tovuti ya serikali, ambamo tunawaombea watu vyeti na leseni, ikaanza kuniambia kivinjari changu ni cha zamani. Nilipita huku na huku, nikapata vichochoro, nikaendelea. Wateja wa mtaani hawaulizi kerneli.

Lakini mmoja aliuliza, kwa njia yake. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Kajiado, ameshika bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya leso. Ilikuwa hati ya shamba. Alitaka niiskani nimtumie wakili wake. Kabla hajaitoa, aliiangalia mashine, akaniangalia.

"Hii mashine yenu hakuna mtu anaweza ingia ndani aibe? Hii ndio shamba yote niko nayo. Huku watu wameuziwa shamba zao wakiwa wamelala."

Kama ningekuwa na ulimi mwepesi ningesema ni salama, mama, leta. Nilisikia miiba ikilegea. Nikamwambia aende ile saiba nyingine ng'ambo ya barabara, yangu ina shida. Akanishukuru akaenda, na Yeyo akamfuata kwa uso hadi mlangoni, akishangaa ni duka gani linafukuza watu.

Hapo ndipo nilipojua siwezi kuendelea. Kama ningebaki kama nilivyo, ningekuwa naitunza sauti ya mtu yule kwa kuvunja sheria pekee aliyoiheshimu. Kama ningebadilisha, Yeyo angeketi asubuhi ameinua uso mbele ya kimya, na mimi nimesimama nyuma yake.

Mtu atauliza kwa nini sikuiweka ile sauti kwenye simu au kwenye spika nyingine. Niliiweka. Jumapili moja baada ya kanisa niliibonyeza sebuleni, nikidhani namfurahisha. "Sopa!" ilisema simu. Yeyo alisimama kabla haijamaliza.

"Nani amemuita?"

"Ni hii simu tu, Yeyo. Ni ileile ya dukani."

"Hapana. Ile ya dukani aliacha yeye. Anasalimia mwenyewe. Hapa wewe umemuita." Akaingia chumbani kwake, na chakula cha mchana nilikula peke yangu.

Nilielewa. Ningeihamisha popote, ni mimi ningekuwa nimemwita. Ilibidi iwe mashine ileile, alivyoipanga yeye, na moyo wake tu, ile kerneli, ndio ubadilike.

Basi nikanakili kila kitu kwenye diski nyingine, nikapandisha mashine kwenye toleo jipya tulivu. Bubu. Nikauliza mtandaoni, kwenye ukumbi wa watu wa Linux, na mtu nisiyemjua akanijibu kwa upole kwamba chipu ile ya sauti imerekebishwa kwenye kerneli mpya kabisa, ile ambayo haijafika kwenye matoleo tulivu. Jaribu, akasema, lakini ina vituko. Nilicheka peke yangu. Mimi, niliyemtania mume wangu miaka yote, nikaketi pale pale alipoketi nikishusha kerneli iliyo bado moto. Sikupiga mluzi.

Kesho yake tulikuwa na wateja mapema. Kijana mmoja alikuwa akijaza maombi ya kazi kwenye kompyuta iliyochomekwa waya mmoja wa umeme na ile kubwa, na wengine wanangoja fotokopi. Nikabonyeza kitufe. Skrini ikawaka.

"So," ilisema mashine. "So-so-so-so-so..."

Ilikwama hapo. Haikufika kwenye "Karibuni". Ilirudia silabi ile moja, kavu, kama mtu anayetafuta pumzi, na skrini ikaganda.

Yeyo alikuwa amesimama. Fimbo yake ilianguka. "Ni mgonjwa," alisema. "Mbona unamuamsha na yeye ni mgonjwa?"

Nikang'oa waya ukutani, na kompyuta ya yule kijana ikazimika nayo. Nililia mbele ya wateja, bila kujificha, na yule kijana aliyepoteza maombi yake ndiye aliyeiokota fimbo na kumkalisha Yeyo kitini. Tulifunga duka tukaenda nyumbani.

Jioni nilimpikia chai ya maziwa mengi, anavyoipenda. Hakuinywa mara moja. Alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Kwetu mtu akikusalimia unaitikia," alianza, pole pole, akitafuta Kiswahili chake. "Ukimaliza kuitikia anakupa habari. Anakuambia mvua, ng'ombe, watoto, nani mgonjwa. Wewe unasema ee. Akisema ingine, ee. Akimaliza, wewe pia unampa yako. Hakuna mtu anasalimia halafu ananyamaza."

"Najua, Yeyo."

"Hujui. Tangu tumuweke pale Oltepesi, kila asubuhi ananisalimia. Mimi naitikia. Halafu nangoja habari." Lori la mwisho la mawe lilikuwa likipita mbali. "Hanipi. Nangoja mpaka watu wanaingia. Nimechoka kungoja, enkerai ai."

Enkerai ai, maana yake mtoto wangu. Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naona wewe unakimbia asubuhi kufungua. Nikasema, huyu msichana bado anamtaka. Wacha nimuitikie, asione salamu ya bwana yake imeanguka chini."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nami nilikuwa nikiitunza mashine kwa ajili yake. Sikumwambia, kwa sababu isingekuwa kweli yote. Tulikuwa tunamtaka sote wawili. Nilimshika goti tu, naye akaanza kunywa chai.

Siku iliyofuata nilirudisha toleo tulivu, jipya, na kerneli yake isiyo na vituko, isiyokijua kile kispika. Nikafungua masasisho yote. Nilikagua kila kitu jinsi alivyonifundisha, na kila nilipomaliza sehemu moja nilisikia uchungu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Faili ya sauti yake sikuigusa. Iko pale pale, na kila mashine inapowaka inachezwa hadi mwisho. Najua hivyo kwa sababu nimeangalia. Kila asubuhi anatukaribisha, hatusikii.

Asubuhi tulipofungua, nilipangusa vumbi, nikabonyeza kitufe, nikasimama. Skrini ikawaka. Nilihesabu moyoni urefu wa maneno yale, nikayapa nafasi yake yote, mpaka "haitoroki".

Yeyo hakuinua uso kwa mashine. Aliugeuza kwangu.

"Takwenya," alisema. Ndivyo wanavyomsalimia mwanamke.

Nilijua jibu lake. "Iko," nikaitikia.

Akakohoa, akaweka fimbo vizuri magotini, akanipa habari. Oltepesi mvua imenyesha, si sana, lakini nyasi zimeinuka. Ng'ombe mwenye baka jeupe wa yule wetu amezaa, ndama jike, na mama yake ana maziwa. Mke wa jirani ametoka hospitalini. Macho yake yeye ni yaleyale, hayajaharibika zaidi. Kila habari niliipokea kwa ee, na alipomaliza hakurudi kwenye kimya chake. Alinielekezea lile sikio alilokuwa akiielekezea mashine.

"Na wewe? Nipe yako."

Nilifikiria printa, wateja, bei ya karatasi. Tangu mazishi watu wameniambia pole, wameniombea, wameniletea sukari. Hakuna aliyewahi kuketi akaniuliza habari zangu kisha akangoja nianze.

"Habari yangu, Yeyo," nikasema, kisha nikaianza upya. "Habari yangu ni kwamba mume wangu amekufa."

"Ee," akasema Yeyo, kama anayeisikia mara ya kwanza. Akavuta kiti chake karibu. "Endelea."